Tafsiri Hii: Kalamashaka na Sauti Ngumu Kutoka Dandora

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mimi asili yangu ni Eastlands, na leo nataka nikueleze habari za vijana watatu wa Eastlands ambao hawakuiacha asili yao hata kidogo. Lakini kwanza nikwambie jinsi nilivyokutana na muziki wao.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, niliandika insha ambayo ilirudi ikiwa nyekundu kuliko nyanya. Mada ilikuwa "Siku Ambayo Sitaisahau". Nilisimulia jinsi mwenye nyumba alivyotufungia mlango kwa kufuli lake kwa sababu kodi ilikuwa imechelewa. Kwa kuwa mambo yenyewe yalitokea mtaani, niliyaandika jinsi yanavyosemwa mtaani. Nyumba niliiita "keja", mama nikamwita "mathe" na pesa nikaziita "ganji". Mwalimu aliyesahihisha aliandika chini kwa kalamu nyekundu: "Hiki si Kiswahili. Andika upya." Sikubisha, maana kanuni za insha nazijua. Hata hivyo, swali moja lilinikaa moyoni kama mwiba. Mtu akitaka kueleza maisha ya Eastlands jinsi yalivyo, atumie lugha gani?

Nilimweleza mjomba wangu habari hiyo. Mjomba ni fundi wa viatu na alikuwa kijana katika miaka ya tisini. Hakunipa pole. Aliinama chini ya kitanda, akatoa sanduku la kaseti lililojaa vumbi, akapekuapekua, kisha akaweka moja katika redio yake ya zamani.

"Hawa walikuwa na swali kama lako kabla hujazaliwa," akaniambia. "Keti usikize."

Nikaketi. Mdundo ukaanza, mzito na wa polepole. Halafu zikaja sauti za vijana, zenye hasira lakini zisizo na haraka, na zote zilikuwa zinasema Kiswahili. Wimbo huo unaitwa "Tafsiri Hii" na kikundi kinaitwa Kalamashaka.

KALAMASHAKA NI KINA NANI?

Kalamashaka ni kikundi cha wafokaji watatu kutoka Dandora: Kama, Oteraw na Johny Vigeti. Walianza katikati ya miaka ya 1990. Mashabiki wengine walikifupisha jina wakaita K-Shaka.

Wewe msomaji ambaye ni mwanachama wa chama cha Kiswahili, hebu litazame jina hilo vizuri. Ukilisikiliza kwa sikio la sarufi unasikia maneno mawili: "kala mashaka". Huku kwetu tungesema "amekula mashaka", lakini katika mazungumzo na katika mashairi ya kale kiambishi "ka" huweza kusimama mahali pa "ame". Ndiyo maana tunasikia watu wakisema "mgeni kaja" au "mtoto kalala". Basi kala mashaka ni mtu aliyekula taabu akashiba. Ninavyolisoma mimi, jina peke yake ni hadithi nzima.

Mashaka hayo yalitoka wapi? Hapa ni lazima tuijue Dandora. Mtaa huu ulianza katika miaka ya 1970 kama mradi wa makao uliogharamiwa kwa sehemu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja kama 6,000 vilipimwa. Mwenye kiwanja alipewa choo, bafu na maji, kisha nyumba yenyewe ajijengee pole pole kadiri ya uwezo wake. Mradi uligawanywa katika sehemu, na mpaka leo wakazi husema "naishi fezi two" au "fezi four". Fikira hiyo ilikuwa nzuri, ila watu waliendelea kumiminika, vyumba vikaongezwa juu ya vyumba, nao wapangaji wakazidi wenye viwanja.

Tena kando ya mtaa huo ndipo jiji lote la Nairobi hutupa taka zake. Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini magari ya taka hayakuacha kuja. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa uchunguzi uliohusu watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo, na nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo. Namaanisha madini ya risasi, si ile ya bunduki, ingawa vijana wa mtaa wanaijua na hiyo nyingine pia.

Haya, sasa ongeza miaka ya 1990 yenyewe. Serikali ilipunguza wafanyakazi, wazazi walitakiwa kuchangia gharama za shule na hospitali, na siasa za vyama vingi zilikuwa zimerudi tangu Desemba 1991. Kijana wa Dandora alimaliza shule akakaa maskani siku nzima. Kazi hakuna, na jioni polisi wanamuuliza kwa nini amekaa hapo. Mambo hayo ndiyo Kalamashaka waliyoyaweka katika nyimbo zao.

REDIO ILIKUWA IKIIMBA NINI?

Ili uelewe kwa nini "Tafsiri Hii" ilikuwa kishindo, ni lazima ujue redio ya siku hizo. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na shirika moja tu la utangazaji, lile la serikali. Mwaka 1996 stesheni ya kibinafsi ya Capital FM ilianza jijini Nairobi, na nyingine zikafuata. Vijana walifurahi. Lakini mjomba anasema kwamba ukifungua redio hizo mpya ungedhani uko Marekani. Nyimbo zilikuwa za Marekani, na mtangazaji aliyezaliwa hapa hapa alijikaza kusema kama aliyezaliwa New York.

Hata vijana wetu wengi waliofoka walifoka kwa Kiingereza. Muziki huu wa kufoka ulizaliwa na vijana weusi na wahamiaji wa mtaa wa Bronx, New York, katika mwaka 1973, na ulipofika hapa ulikuja na lugha yake na mavazi yake. Alasiri za Jumapili vijana walikuwa wakienda kwenye madisko ya mjini yaliyoitwa "jam session", na hapo aliyeiga Wamarekani vizuri ndiye aliyepigiwa makofi.

Sitaki kusema kwamba Kalamashaka walikuwa wa kwanza kufoka kwa Kiswahili duniani. Hilo si kweli. Ndugu zetu wa Tanzania walitangulia. Saleh Jabir alitoa nyimbo za kufoka kwa Kiswahili mwaka 1991, na Mr. II, ambaye wengi wanamwita Sugu, alitoa albamu yake "Ni Mimi" mwaka 1995. Hapa Kenya nako wengine walianza kutumia lugha za nyumbani. Hardstone alichanganya Kikuyu katika "Uhiki", naye Poxi Presha akafoka kwa Kijaluo katika "Otonglo Time".

Walichofanya Kalamashaka ni kitu kingine. Waliichukua lugha ya Eastlands, yaani Kiswahili kilichotiwa chumvi ya Sheng, wakailazimisha iingie redioni ikiwa na njaa yake, polisi wake na matope yake. Hawakuisafisha ili wageni waipende. Wimbo ukapenya mwishoni mwa miaka ya tisini, na watu wa mitaa yote wakaujua.

SAUTI YAO

Kuna muziki ambao ugumu wake unatokana na kelele. Kwa mfano, huko Ulaya na Marekani kuna bendi za magitaa ambazo hupiga haraka haraka na mwimbaji anapiga mayowe mpaka mishipa ya shingo inasimama. Kalamashaka ni wagumu, lakini hawapigi mayowe. Ugumu wao uko wapi basi? Nitajaribu kueleza.

Kwanza ni mdundo. Weka mkono wako juu ya dawati. Piga ngumi, kisha piga kofi. Ngumi, kofi, ngumi, kofi. Hayo mapigo manne ni mstari mmoja wa wimbo. Sasa usiharakishe. Muziki wa kufoka wa miaka ya tisini huenda kwa mapigo kama 90 hivi kwa dakika moja, ilhali muziki wa disko hufika 120. Mwendo wa 90 ni mwendo wa mtu anayetembea akifikiri. Huwezi kuucheza sana, bali unatikisa kichwa na kusikiliza. Kwa hiyo maneno yanapata nafasi ya kukaa mbele.

Pili ni sauti zenyewe. Hawa ni watu watatu na kila mmoja ana koo lake. Mmoja anamaliza ubeti, mwingine anapokea kama watu wanaopokezana mzigo, na kiitikio mara nyingi wanakitamka kwa pamoja. Hawaimbi kwa kubembeleza. Wanasema, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni Kiswahili chenyewe. Hapa niliomba msaada wa mwalimu mlezi wa chama chetu, na alichonionyesha kilinishangaza. Tulifundishwa kwamba mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, yaani nane katika ukwapi na nane katika utao. Sasa rudi kwenye yale mapigo manne ya dawati. Kila pigo ukiligawanya mara nne unapata nafasi kumi na sita. Mshororo wa Mswahili wa pwani na mstari wa mfokaji wa Dandora una vyumba sawasawa! Nilitunga mfano mimi mwenyewe ili nijaribu:

Asubuhi sina chai, mfuko hauna kitu,
Bosi kavaa na tai, asema mimi si mtu.

Hesabu mizani utaona ni nane kwa nane. Sasa yaseme hayo maneno huku ukipiga dawati, mstari mmoja kwa mapigo manne. Yanaingia bila kusukumwa. Sisemi kwamba Kama, Oteraw na Johny walikaa chini kuhesabu mizani. Mfokaji huongeza silabi, hupunguza, hunyamaza kidogo kisha akakimbia ili alifikie pigo. Nasema tu kwamba Kiswahili hakikuwa mgeni katika mdundo huo. Kilikuwa na kiti chake tayari.

Isitoshe, neno la Kiswahili huishia kwa vokali, na mkazo wake huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mtaa, njaa, mashaka, wakati. Mfokaji hodari huisogeza silabi hiyo ya mkazo ili ianguke juu ya kofi. Ikianguka sawasawa, neno linapiga kama nyundo, halafu silabi ya mwisho inabaki ikivuma. Tena kitenzi chetu kimoja hubeba sentensi nzima. Ukisema "hawatatuona" umemtaja mtenda, wakati, mtendwa na ukanushaji kwa pumzi moja. Lugha kama hii haihitaji mayowe.

"TAFSIRI HII" MAANA YAKE NINI?

Mwalimu mlezi alileta spika ndogo siku ya mkutano wa chama, na tukausikiliza wimbo pamoja. Ulipokwisha, aliandika maneno mawili ubaoni: Tafsiri hii. Akauliza, "Hapa 'tafsiri' ni aina gani ya neno?"

Nusu ya chumba ikasema ni nomino. Tafsiri ni ya ngeli ya I-ZI, hivyo "tafsiri hii" ni sawa na "nyumba hii" au "habari hii". Nusu nyingine ikasema ni kitenzi kilicho katika hali ya kuamrisha, yaani, wewe unayesikiliza, hebu tafsiri hii tuone kama utaweza. Tukabishana mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Mwalimu akacheka, akasema wote tumepata.

Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi nikiwa njiani kurudi nyumbani. Kama ni nomino, wimbo unasema: hii ndiyo tafsiri ya maisha yetu, ipokee. Kama ni kitenzi, wimbo unasema: haya ndiyo maisha yetu, wewe uliyekaa mbali kaa chini uyafasiri. Siku zote kijana wa Eastlands ndiye aliyetakiwa kutafsiri. Akienda ofisini atafsiri, akienda shuleni atafsiri, akisimamishwa na polisi atafsiri. Katika wimbo huu, kwa mara ya kwanza, kazi ya kutafsiri wakapewa wale wengine.

Aidha, tulipoorodhesha maneno ubaoni tuliona jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Kiswahili ndicho uti wa mgongo wa wimbo, nayo Sheng ni viungo vya kutia ladha. Viambishi ni vya Kiswahili, ngeli ni za Kiswahili. Watu wanaosema kwamba vijana wa mtaani waliua Kiswahili wangesikiliza kwanza ndipo wahukumu.

KAZI YAO BAADA YA HAPO

Mwaka 2001 walitoa albamu iliyoitwa "Ni Wakati". Walipata pia kufanya kazi na watu wa nje, mmojawapo akiwa Ken Ring, mfokaji wa Uswidi mwenye asili ya Kenya. Lakini nadhani kazi yao kubwa kupita albamu ni kwamba hawakufunga mlango nyuma yao. Vijana wengine wa Dandora walikusanyika kwao wakajifunza kuandika. Kundi hilo la Dandora likaungana na Ukoo Flani wa Mombasa, na hivyo likatokea kundi kubwa lililoitwa Ukoo Flani Mau Mau, lenye wasanii zaidi ya ishirini.

Hebu tulitazame na jina hili. Wenyewe walisema kwamba UKOO FLANI ni herufi za mwanzo za maneno haya: Upendo Kote Olewenu Ombeni Funzo La Aliyetuumba Njia Iwepo. Nalo jina la Mau Mau si mzaha katika Eastlands. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza waliizingira Nairobi katika msako walioupa jina la Anvil, wakawapekua Waafrika mtaa kwa mtaa, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Mitaa ya Eastlands kama Bahati na Pumwani iliyajua majonzi hayo. Hata baada ya uhuru, ile marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau ilikaa katika sheria mpaka mwaka 2003. Kwa hiyo vijana walijiita kwa jina ambalo nchi yao wenyewe ilikuwa bado inaona haya kulitamka.

Kutoka katika ukoo huo walitoka wengi. Kulikuwa na Mashifta, yaani G-Wiji na Kitu Sewer. Kulikuwa na Zakah na Kah. Kutoka pwani kulikuwa na Sharama, Cannibal, Fujo Makelele na Alai K. Juliani naye, ambaye leo wengi wanamjua, alianza humo akiwa kijana mdogo wa Dandora kabla hajaanza kuimba nyimbo za imani. Mwaka 2004 wasanii wengi wa Eastlands walishiriki katika albamu ya "Kilio cha Haki", na mwaka 2006 Ukoo Flani Mau Mau wakatoa "Dandora Burning". Michael Wanguhu naye alitengeneza filamu ya "Hip Hop Colony" kuhusu muziki huu wa Kenya, na Kalamashaka wamo.

Msichana mmoja wa chama chetu aliuliza, "Na wasichana walikuwa wapi?" Swali lake lilikuwa zuri. Kalamashaka ni wanaume watupu. Katika kizazi hicho hicho alikuwapo Nazizi wa Necessary Noize, lakini wasichana waliopata kipaza sauti walikuwa wa kuhesabika. Hilo nalo ni lazima tuliseme, tusisifu tu.

ASALI WALILA WENGINE

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo mjomba huizungumza akiwa ameinamisha kichwa. Umaarufu wa Kalamashaka haukuwa utajiri. Wimbo wao ulipigwa kila matatu, lakini matatu hailipi. Kaseti ziliuzwa kila kona, lakini nyingi zilikuwa za kunakiliwa, na pesa zake hazikumfikia msanii. Sheria mpya ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka 2001, mwaka ule ule wa "Ni Wakati", na ilichukua muda kuanza kufanya kazi.

Tena ladha ya redio ikageuka. Katika miaka ya 2000 ukaja muziki wa kuchezeka. Ogopa Deejays walikuwa na kapuka, nao Calif Records, waliotoka mtaa wa California hapa hapa Eastlands, walikuwa na genge na wasanii kama Jua Cali na Nonini. Siwalaumu hata kidogo. Mimi pia napenda kucheza. Walifoka kwa Kiswahili na Sheng, na hakuna mtangazaji aliyewauliza kwa nini hawasemi Kiingereza. Baadaye Nairobi ilipata hata stesheni nzima ya kuzungumza Sheng, Ghetto Radio. Njia ilikuwa imeshafyekwa. Waliofyeka walikuwa na miiba miguuni, na waliofuata walipita wamevaa viatu.

Nilimuuliza mjomba kama basi Kalamashaka walipata hasara. Alifikiri kidogo huku akishona soli.

"Mwanangu," akasema, "mimi siku hizo nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi. Nilikuwa nikienda kuomba kazi nasema natoka Buru Buru, naogopa kusema natoka Dandora. Wimbo ule ulipotoka nikaacha kudanganya. Kazi sikupata vilevile, lakini niliacha kudanganya. Hiyo utaihesabu kwa pesa ngapi?"

Sikuwa na jibu.

LUGHA GANI BASI?

Nirudi kwenye insha yangu. Je, Kalamashaka wamenifundisha niandike Sheng katika mtihani? Hapana. Mtihani una sheria zake, na mwenye kupuuza sheria za mchezo hutolewa nje na mwamuzi. Ukweli ni kwamba ili wafoke vile, iliwabidi wakijue Kiswahili barabara. Mtu asiyekuwa na Kiswahili cha kutosha hawezi kutengeneza jina lenye maana kama Kalamashaka, wala kichwa cha wimbo chenye maana mbili kama "Tafsiri Hii". Huwezi kuvunja ukuta kwa nyundo ambayo huna.

Lakini wamenifundisha pia kwamba siyo haki kumwambia mtu aache maisha yake nje ya mlango ndipo aingie katika lugha. Mwalimu mlezi alinipa dawa rahisi. Msimulizi, akasema, asimulie kwa Kiswahili sanifu. Ila mhusika akifungua kinywa, mwache aseme jinsi anavyosema, mradi umemfungia alama za kunukuu.

Basi niliandika upya ile insha. Kodi ikawa kodi, na nyumba ikawa nyumba. Lakini mama aliposimama mbele ya mlango uliofungwa, ndugu yangu mdogo alimshika leso akamuuliza, "Mathe, tutalala wapi na keja imefungwa?" Nikamfungia alama za kunukuu, nikamwacha hivyo hivyo. Nilipata kumi na tatu kati ya ishirini, na mwalimu yule yule wa kalamu nyekundu aliweka alama ya vema pembeni mwa sentensi hiyo.

Ndugu msomaji, ikiwa una mjomba au shangazi aliyekuwa kijana miaka ya tisini, muulize kama ana kaseti ya Kalamashaka. Keti usikilize, weka mkono juu ya meza uhesabu mizani, halafu ujiulize: Tafsiri hii ni nomino au ni kitenzi? Mimi mpaka leo sijachagua.